Saa Sifuri Asubui

Mwenzenu nina kesi na mama mwenye nyumba, na chanzo chake ni neno moja tu. Usiku mmoja saa nane aliamka kwenda uani, akaona taa yangu inawaka. Akagonga dirisha. "Wewe kijana, usiku wote huu unafanya nini na umeme wa watu?" Na mimi kwa usingizi, bila kupima, nikamjibu: "Naandika kodi, mama."

Kimya. Kisha akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia tangu nihamie hapa Tandika, "Haya mwanangu. Andika."

Asubuhi yake akaniletea chai ya maziwa na maandazi mawili. Siku ya tatu akaja na daftari kuchukua hiyo kodi niliyokuwa nikiiandika. Nikaanza kumweleza kwamba kodi niliyoisema mimi si kodi ya chumba, ni maandishi ya kuielekeza kompyuta, kwa Kiswahili fasaha huitwa msimbo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo kodi unaandika, lakini hulipi?" Tangu siku hiyo nikisema "naandika programu" anaguna, na maandazi sijayaona tena.

Na huyo ndiye anayenielewa kuliko wengine. Mtaani jina langu ni Fundi. Printa ikikwama karatasi, fundi. King'amuzi kikiandika hakuna mawimbi, fundi. Jirani wa chumba cha pili aliniletea pasi. Pasi! Nikamwambia dada yangu, mimi ni wa kompyuta. Akaniuliza, "Kwani pasi haina waya?" Nikaifungua, nikakuta waya umekatika kwenye plagi, nikaunga. Akanipa shilingi elfu mbili. Niseme ukweli, hiyo ndiyo fedha ya kwanza ambayo elimu yangu imewahi kuniingizia mkononi siku hiyohiyo ya kazi.

Maana ninachokiandika mimi ni programu huria. Mjomba wangu, ambaye amekuwa na duka Kariakoo tangu enzi za ruksa, aliposikia neno "huria" alifurahi sana. "Kama soko huria? Safi. Unauza bei gani?"

"Siuzi, mjomba. Natoa."

"Unamtolea nani?"

"Yeyote anayetaka."

"Akitaka kuibadilisha?"

"Ruksa."

"Akiichukua akaenda kuiuza yeye?"

"Ruksa pia, ilimradi asifute jina langu."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, anasubiri kuona kama atalia. Nikajitetea kwamba ni kama sadaka. Akasema sadaka hutolewa na mwenye nacho, wewe juzi umekopa nauli kwangu.

Nikaona nimpe mfano mzito. Nikamwambia mwaka 1991 kule Helsinki, Ufini, mwanafunzi mmoja aitwaye Linus Torvalds aliwatangazia wenzake kwamba anaunda mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa kujiburudisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Leo kiini cha ule mfumo kimo ndani ya kila simu ya Android. "Hata hiyo yako mjomba, imo kazi ya yule kijana." Mjomba akaigeuza simu, akaitazama mgongoni, akaipapasa kidogo. "Na huyo kijana sasa ana nyumba?"

"Anayo."

"Basi na wewe pata nyumba kwanza, halafu uje tuongee habari za kutoa."

Sasa niwaeleze hicho ninachokitoa, kwa sababu ndicho kilichonifikisha stendi ya Mbezi usiku wa manane. Ni kijiprogramu kidogo, mistari mia mbili na kitu. Kazi yake ni kuchukua saa ya kompyuta na kuitamka kama tunavyoitamka sisi. Kompyuta ikisema 14:00, chenyewe kinasema saa nane mchana. Basi. Ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua kinachobaki. Nikadhani ni kazi ya wikiendi moja. Huu mwaka wa nne.

Kati ya wanaokichukua huko mtandaoni, wa kwanza kunitoa jasho alikuwa Mjerumani mmoja. Aliandika kwa adabu kwamba amegundua kosa kubwa: saa yangu inakosea kwa saa sita kamili, na kwa wema wake ameshalirekebisha, ameifuta ile sita. Nikamwandikia ukurasa mzima. Kwamba kwetu jua likichomoza siku ndiyo inaanza, likiwa limeshatembea saa moja ni saa moja, mbili ni saa mbili, hatuoni kwa nini mtu aamke alfajiri aambiwe tayari ni saa sita, hizo sita alizitumia wapi? Akajibu kwamba amenielewa, ila anauliza: na wakati wa baridi kali, jua linapochelewa? Nikamwambia ndugu yangu, hapa jua halichelewi. Hapa anayechelewa ni binadamu.

Wa pili alikuwa mtu wa Argentina, naye alinivunja nguvu kwa namna nyingine. Alisema programu yangu haina haja ya kuwepo. Saa ya Buenos Aires iko nyuma ya yetu kwa saa sita barabara, kwa hiyo hapa ikiwa saa mbili asubuhi, saa ya ukutani kwake inaonyesha 2:00. Weka simu yako kwenye saa za Buenos Aires, imekwisha. Nilikagua nikitumaini kakosea. Hakukosea. Mababu zetu wamekuwa wakihesabu saa za Argentina miaka yote hii bila kulipa hata nauli ya ndege.

Halafu nikaongeza siku za juma. Hapo ndipo nilipokaribia kurudi kijijini kulima. Kuna kanuni ya kimataifa inayosema juma linaanza Jumatatu, yaani Jumatatu ni namba moja. Sawa. Lakini jina lake lenyewe linapiga kelele kwamba ni ya tatu! Mosi ni Jumamosi, pili ni Jumapili, unakwenda vizuri hadi Jumatano, ya tano, unapumua. Kesho yake unakutana na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Tano mbili zimefuatana, na sita hakuna. Mswidi mmoja aliniuliza ni nani aliyepanga hivi, anaweza kumwandikia? Nikamwambia mhusika yuko likizo.

Na wa Unguja naye hakuniacha. Alianza kwa salamu za mistari minne, akaniulizia hali, wazee na afya, kisha taratibu akanichoma: programu yako inasema "Alhamisi usiku", lakini kwetu magharibi ikishaadhiniwa, huo tayari ni usiku wa Ijumaa, bibi yangu kakasirika. Anasema kweli. Nami bara nimezoea usiku wa kuamkia Ijumaa. Hoja hiyo iko wazi tangu mwaka juzi, siifungi, sithubutu, nani atagombana na bibi wa watu?

Haya. Sasa Mbezi.

Tulikuwa na harusi ya binti wa shangazi Korogwe. Mjomba akakata tiketi zetu mbili kwa simu, kwenye basi la kampuni moja hivi. Usiku ule wa kuamkia safari akanipigia. "Wewe si mtu wa kompyuta? Wameniletea ujumbe, basi linaondoka saa sifuri. Saa sifuri ndiyo saa ngapi?"

Nikajibu kama aliyeulizwa jina lake. "Hiyo sita usiku, mjomba. Kompyuta zikifika usiku wa manane zinaanza upya na sifuri."

"Mbona wameandika asubuhi?"

"Kwa Wazungu ikishapita sita usiku tayari ni asubuhi."

"Ahaa," akasema, na nilisikia fahari kwenye sauti yake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na faida kwenye ukoo.

Saa tano na nusu usiku tuko Mbezi na begi, na dumu la mafuta ya kupikia la shangazi. Mlinzi akatuuliza mnakwenda wapi. Korogwe. Akacheka: "La Korogwe ni la kumi na mbili asubuhi." Mjomba akamweka sawa. "Hilo ni jingine. Sisi letu la saa sifuri. Huyu mpwa wangu ni mtaalamu." Akanipiga begani. Mlinzi akanitazama kwa heshima, akatupa benchi.

Sita ikafika, ikapita. Saa saba. Mbu wa Mbezi hawana haraka, wanajua huna pa kwenda. Tukanunua chai ya tangawizi, tukanunua tena. Kwenye saa saba na nusu akashuka bibi mmoja kwenye bajaji na kuku wake ndani ya kikapu, kapitiwa na usingizi anahema kwamba kachelewa basi la saa sifuri. Nani alimwambia ni saa hii? "Mjukuu wangu, anasoma kompyuta." Kwa hiyo wasomi tulikuwa wawili, na waathirika ni watatu pamoja na kuku.

Saa tisa mjomba akanipa simu yake nimsomee tena ule ujumbe, macho yake yamechoka. Nikausoma: *Ndugu abiria, basi lako litaondoka saa 0:00 asubui. Fika nusu saa kabla.*

Nikarudia neno la mwisho la sentensi ile ya kwanza. Asubui. Bila h.

Jamani, mtu huijua harufu ya jasho lake. Lile kosa ni langu. Toleo la kwanza kabisa la programu yangu niliandika "asubui" kwa haraka, nikalikuta baada ya miezi mitano, nikalisahihisha kwa aibu. Hakuna mtu mwingine duniani anayekosea pale kwa namna ile kwenye ujumbe wa saa. Kampuni ya watu ina mabasi yenye viyoyozi, na saa wanayowapa abiria wake imetoka chumbani kwangu Tandika, kwa mama mwenye nyumba anayenidai.

Na ile sifuri pia ni yangu. Kumi na mbili asubuhi kwa kompyuta ni 6:00. Ongeza sita unapata kumi na mbili, gawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ni sifuri. Saa sifuri. Miaka yote sikuiona, kwa sababu nilikuwa najaribu programu kwa saa nilizokuwa macho, na kumi na mbili asubuhi mimi sijawahi kuiona kwa macho yangu tangu nimalize shule. Kumi na mbili jioni nayo nipo kwa muuza chipsi.

Mwaka 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona kompyuta yake inachelewa nusu sekunde kumfungulia mlango, akashuka kuchimba, akakuta mtu kapachika mlango wa siri, wa kuingilia kompyuta za watu bila hodi, ndani ya programu huria ya kubania mafaili inayotumika dunia nzima. Nusu sekunde! Mimi nimemchelewesha bibi wa watu saa nne na nusu, mjomba sita na nusu, na nimeketi hapohapo nakunywa chai.

"Ningemjua aliyeandika huu upuuzi," mjomba akasema, akiua mbu. "Hata Kiswahili chenyewe hajui. Atakuwa Mkenya."

Nikasema, "Inawezekana."

Mniombee msamaha Wakenya.

Saa kumi alfajiri mjomba kalala begani kwangu, nikatoa kompyuta taratibu, nikaiunganisha na simu kwa kile kibando cha usiku kilichobaki. Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja: ikiwa sifuri, sema kumi na mbili. Nikaupandisha, nikatangaza toleo jipya. Kuku alikuwa ananitazama muda wote. Basi lilikuja kumi na mbili kasoro dakika kumi, safi, limeoshwa. Nilitamani kumwambia kondakta kwamba mimi ni kama mbia wao. Nikaangalia sura ya mjomba, nikapanda.

Harusi ilifana. Siku ya kurudi ujumbe ukaja: saa 0:00 asubui. Ndiyo mambo ya kutoa bure, unayempa hujui anakaa wapi umpelekee jipya. Lakini mjomba safari hii hakuuliza mtu. Pale stendi ya Korogwe nilimkuta amezungukwa na abiria wanne, kanyoosha kidole: "Sikilizeni. Sifuri ya hawa watu ndiyo kumi na mbili yetu. Msije usiku wa manane kama washamba. Haya mambo yanataka mtu aliyesoma."

Tuko kwenye basi, tumeshaipita Segera, simu yangu ikalia. Ni yule Mjerumani. Ananiandikia kwa adabu kwamba ameona nimeibadilisha sifuri kuwa kumi na mbili. Kwenye mfumo wao, tangu wanikubalie ile sita, mahesabu yao yote ya asubuhi yanaitegemea ile sifuri, na tangu toleo langu jipya litoke hakuna kinachofanya kazi. Anaomba, kama haitakuwa usumbufu, niirudishe.