Zepelini ya Sentimita 75 na Wapagazi 600

Wageni wakiingia sebuleni kwangu siku hizi huinua macho kabla hata ya kubisha hodi vizuri. Juu ya meza ya chakula, kwa mshipi wa kuvulia niliofunga kwenye ndoano ya dari, inaning'inia zepelini ya maboksi, chelewa na karatasi za tiara. Zepelini ya kweli ilikuwa chombo kirefu cha angani kilichoelea kwa gesi; hii yangu ina urefu wa sentimita 75 na nusu. Imenichukua miezi saba, na katika muda huo nimeshauriwa na watu wengi wanaonitakia mema kwamba chombo kikubwa kama hiki afadhali ukinunue, au ukichapishe kwa printa ya 3D, au ukipunguze ukubwa kienee mezani. Sikubaliani na ushauri wote huo. Kwa sisi tunaocheza vita vya mezani, yaani michezo ya kupiganisha vikosi vya sanamu ndogo kwa dadu, naamini chombo kikubwa kinapaswa kujengwa kwa mkono tangu mwanzo, na kijengwe kwa skeli ileile ya watu wanaosimama chini yake.

Chombo chenyewe ni L 59, zepelini ya jeshi la majini la Ujerumani iliyotumwa huku kwetu Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na isifike. Wenzangu wakitaka ndege ya vita ya Afrika Mashariki hukimbilia delta ya Rufiji, kwenye ndege za Waingereza zilizoelekeza mizinga mpaka Königsberg, manowari ya Wajerumani, ikaangamia Julai 1915. Ni kisa kizuri, na ndege zake ni ndogo, zinakaa kiganjani. Mimi nilivutwa na L 59 kwa sababu asili yetu ni Newala, na pale juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, ndipo ilipokuwa ikielekea.

Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani huku, alikuwa amebanwa kusini kabisa mwa koloni lao. Oktoba alikuwa amepigana Mahiwa, vita vikali kuliko karibu vyote vya eneo hili, na risasi zilikuwa zinamwishia. Kwa bahari hapakuwa na njia. Berlin ikaamua kumpelekea mzigo kwa anga. Zepelini ya kwanza iliyoandaliwa, L 57, iliharibiwa na dhoruba kabla ya safari, ndipo ikachukuliwa L 59, ikaongezwa mita 30 katikati ya kiwiliwili mpaka ikafika mita 226 na nusu. Ilipakia takriban tani 15: risasi zaidi ya laki 3, bunduki za rashasha, dawa na bandeji.

Nami nilipofika hapa kwenye kusoma, nikaweka kitabu chini na kwenda kutafuta maboksi. Zepelini za wakati ule zilielea kwa haidrojeni, na haidrojeni haikuwepo Newala wala popote karibu. Kwa hiyo haikutarajiwa kurudi. Waliitengeneza kama sisi tunavyoutumia mnazi, ambao hautupwi kitu: makuti kwa paa, kifuu kwa upawa, kumbi kwa kamba. Kitambaa cha nje kilikuwa kiwe mahema na nguo, mifuko ya gesi iwe vitanda vya kulalia porini, ngozi ya njia ya kupitia mabaharia iwe viatu, mbavu za chuma chepesi ziwe mlingoti wa redio. Mabaharia wenyewe wangekuwa askari.

Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, nahodha akiwa Ludwig Bockholt, watu 22 pamoja na daktari. Ikavuka bahari ya Mediterania katika radi, ikaingia Misri, ikapita juu ya jangwa ambako joto la mchana liliitikisa mpaka watu wakatapika, na baridi ya usiku ikaivuta chini. Usiku wa kuamkia tarehe 23, magharibi ya Khartoum, wakapokea amri kwa redio: rudini. Tarehe 25 asubuhi walitua Jamboli, baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akawashambulia Wareno pale Ngomano na kujipatia kwao bunduki na risasi. Chombo kilifika kwao na jemadari akavuka mto, siku moja. Kila nikipanga meza ya mchezo huu, huwa najikuta nimezisimamia tarehe hizo mbili kwa muda.

Sasa suala la skeli. Askari wangu ni wa 1:300. Mtu mzima ana milimita 6 hivi. Kwa skeli hiyo L 59 inafika sentimita 75 na nusu, na unene wake ni kama sentimita 8. Meza yangu ni futi 6, kwa hiyo zepelini inafunika karibu nusu ya urefu wa uwanja. Wengi hapa hukata shauri la kuipunguza, wakasema ni alama tu, mchezaji ataelewa. Ataelewa nini? Ukiweka chombo cha sentimita 30 juu ya askari wa milimita 6, umemwambia mchezaji kwamba kuficha kitu kile kichakani ni jambo linalowezekana. Ukiweka cha sentimita 75, anaanza mwenyewe kuuliza kitatua wapi, nani atakishika kamba, na adui aliye umbali wa siku nzima atakosaje kukiona. Hayo ndiyo maswali waliyokuwa nayo watu wa wakati ule. Ukubwa wake ndio tatizo lenyewe la kivita, na ukiuondoa hakuna mchezo.

Kuhusu kuchapisha: nina rafiki mwenye printa ya 3D na kazi zake ni safi sana. Lakini aliyechora faili la zepelini alichora umbo la nje. Ukiichapisha unapata sigara kubwa ya plastiki, nzima, isiyofunguka. Mimi nilitaka zepelini inayochinjwa. Ikitua mezani, mchezaji aweze kuvua ngozi, kutoa mzigo, kuchomoa mbavu moja moja na kwenda nazo. Kitu hicho hakiuzwi dukani, kwa sababu ni mtu aliyeshughulishwa na hatima ya chombo hiki tu ndiye angekifikiria. Na mtu huyo hana budi kuchukua kisu akate mwenyewe.

Nilianza na mbavu. Maboksi ya mzigo yanapatikana bure Kariakoo jioni maduka yakifungwa; chagua yale magumu yenye tabaka mbili. Nilikata duara 17, kubwa katikati na zinazopungua kuelekea puani na mkiani, kila moja nikaitoboa katikati ipitishwe kijiti kirefu cha mwanzi. Kisha chelewa. Aliyekulia Pwani anajua kwamba fagio la chelewa ni ghala la vifaa: tumezitumia kwa tiara, kwa mitego ya ndege, kwa magurudumu ya magari ya maboksi. Chelewa zilizokauka vizuri ni nyepesi, zinapinda bila kuvunjika, na unene wake kwa skeli hii unakaribia kabisa mihimili ya zepelini. Nilitia 16 kuzunguka mbavu.

Kosa nililifanya hapo, na naliandika ili mwingine asilirudie. Niligandisha chelewa zote za upande mmoja usiku mmoja, nikaenda kulala. Asubuhi kiwiliwili kimepinda kama ndizi, kwa maana gundi ikikauka huvuta. Wiki mbili za kazi zikaishia kwenye ndoo ya takataka. Mara ya pili nilitia moja juu na moja chini, moja kushoto na moja kulia, nikingoja kila jozi ikauke. Inachosha, lakini ukiitazama kwa mbele leo imenyooka kama mkuki.

Ngozi ni karatasi ya tiara, na kanuni ni ileile ya utotoni: unaibandika ikiwa kavu, kisha unapaka gundi nyeupe iliyotiwa maji mengi, nayo ikikauka inajikaza. Ikikazwa kupita kiasi mbavu zinatoka nje kama za mnyama mwenye njaa, kwa hiyo mkono wako uwe mwepesi. Masika ilipoanza karatasi ikanilegea yote kwa unyevu, nikajifunza kupaka vanishi juu yake. Nilitengeneza ngozi vipande sita vinavyovulika, vinavyoshikwa na sumaku ndogo, zile za spika mbovu nilizozivunja vipande. Vyumba vinne vya chini, vyenye injini tano, ni sponji ngumu ya kufungia televisheni. Propela zake zimetoka kwenye chupa ya maji. Ndani, tangu puani hadi mkiani, nimepanga vifurushi 60 vya mzigo, kila kimoja kikiwakilisha kilo 250 za kweli.

Kwa nini 60? Hapa ndipo kazi hii iliponibadilisha, na ndipo ninaposhikilia msimamo wangu kwa nguvu zaidi.

Mzigo wa mpagazi mmoja katika vita vile ulikuwa kama kilo 25. Tani 15 ni kilo 15,000. Gawanya: watu 600. Zepelini ikitua, mzigo hautembei wenyewe. Unataka vichwa 600 vya kuubeba. Nikasema basi, wapagazi 600 watakuwepo, kila mmoja. Nikakata njiti za kiberiti milimita 5 moja moja, tone la gundi likawa kichwa, na juu ya kichwa punje ya ufuta. Ufuta ni zao la kwetu kusini, na kwa skeli ile punje inaonekana mzigo mkubwa kuliko kifua cha mtu. Sikuona haja ya kurekebisha hilo. Niliwapanga kumi kumi kwenye vibao. Punje zipakwe vanishi haraka, la sivyo sisimizi watazibeba zote usiku mmoja.

Jioni niliyomaliza kibao cha mwisho nilitaka kuona msafara. Katika njia nyembamba ya porini watu hutembea mmoja mmoja. Nikaweka mita tatu kati ya mtu na mtu, yaani sentimita moja mezani. Watu 600, sentimita 600. Meza yangu ina mita 1.8. Niliwashusha sakafuni, wakaanza mlangoni mwa sebule, wakapita korido, wakakunja kona, wakafika karibu na jikoni. Mpwa wangu alikuwa amekuja kunisalimia. Alisimama akitazama, akanyanyua macho kwenye zepelini, akarudi sakafuni.

"Mjomba, hawa wote ni wa kubeba vilivyomo mle?"

"Wote. Na kama wakibeba chakula badala ya risasi, kila mmoja akila kilo moja kwa siku, siku ya 25 wamemaliza wenyewe mzigo wao."

Akakaa chini, akaanza kuwahesabu.

Nimeambiwa, na mzee ninayemheshimu, kwamba ni aibu kupoteza miezi saba nikiremba chombo cha Wajerumani katika vita vilivyotuua sisi. Shikamoo yake naitoa kwa moyo wote, na hoja yake nimeibeba muda mrefu. Wapagazi waliokufa katika vita ile, wa pande zote, ni makumi ya maelfu, kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Wagogo hadi leo wana jina la njaa iliyoletwa na vita ile: Mtunya. Pale Posta, Dar es Salaam, tuna sanamu ya askari na bunduki yake tangu 1927. Wapagazi wameachiwa jina la soko, Kariakoo, linalotokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, na wengi wetu tunanunua nguo pale bila kulijua hilo. Katika michezo ya vita ya mezani inayotoka nje, mpagazi hayupo kabisa, au ni kibao kimoja nyuma ya mzinga. Mimi nimewatengeneza kwa idadi yao. Nisingefika kwenye idadi hiyo kama nisingejenga zepelini, nikaipakia kifurushi kimoja kimoja kwa vidole vyangu na kujiuliza kila kimoja kitabebwa na nani.

Mchezo wa kwanza tuliucheza Jumapili mbili zilizopita, wanne. Katika mchezo tunadhani amri ya kurudi haikuja. Zepelini ilishuka mezani kwa mshipi polepole, kazi niliyomkabidhi mpwa wangu, na kwa mizunguko miwili hakuna aliyerusha dadu, wote tulikuwa tukiitazama. Kaka anayecheza upande wa Wajerumani alivua ngozi vipande vyote sita na kuchomoa mbavu nne za mlingoti. Kisha akatafuta wapagazi. Alikuwa amewatuma vibao 39 tangu mwanzo kwenda kutafuta mtama mabondeni, kwa kuwa askari wake walikuwa wanakufa njaa. Alibakiwa na vibao 21. Alipakia vifurushi 21, akatazama 39 vilivyosalia ndani ya mifupa ya zepelini, akauliza kama sheria inamruhusu askari kubeba. Nikamwambia inamruhusu, ila askari mwenye mzigo kichwani hapigi risasi.

Waingereza walikuwa wameingia ukingo wa kaskazini wa meza. Alikaa kimya, mkono juu ya vibao vya askari, mpaka chai ikapoa.