Wimbo wa kukodi kwenye gemu ya dansi

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kwenye ukumbi wa gemu hapa Kampala. Unalipia nyimbo tatu, unapewa simu ya kushika mkono wa kulia, unasimama mbele ya televisheni na kumfuatisha anayecheza kwenye skrini. Mtoto aliipitia orodha juu chini akitafuta wimbo wa Uganda, asiuone. Akarudi kwenye wimbo alioupenda tulipokwenda mara ya mwisho. Nao umetoweka.

"Mjomba, wameupeleka wapi?"

Kijana wa ukumbi alisingizia mtandao, ingawa nyimbo nyingine zote zilifunguka vizuri. Muda ule wote njiani kurudi nyumbani nilikuwa natafuta namna ya kumweleza mtoto kwamba wimbo kwenye gemu ni mpangaji. Mkataba ukiisha, anahama.

Gemu hiyo, Just Dance ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, ilianza mwaka 2009. Kuingiza wimbo mmoja humo kunahitaji ruhusa mbili: ya waliotunga maneno na melodi, na ya mwenye rekodi yenyewe. Ndiyo maana matoleo ya zamani yalikuwa na nyimbo maarufu zilizoimbwa upya na waimbaji wengine. Mtunzi analipwa, bei ya rekodi halisi inakwepwa. Ruhusa hizo mara nyingi huwa na muda. Mwaka 2018, miaka kumi baada ya GTA IV, gemu ya uhalifu na magari, kutoka, nyimbo kadhaa za redio zinazosikika ndani yake ziliondolewa kwa sababu leseni ziliisha, na waliokuwa wameinunua gemu hiyo hawakuwa na la kufanya.

Ni rahisi kuwakasirikia wenye muziki. Mimi nawatetea. Fikiria wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo wa Uganda, uliotoka 2014, ambao video yake ilichezwa na watoto waliokuja kujulikana duniani kama Ghetto Kids. Mwaka uliofuata Kenzo alipata tuzo ya muziki ya BET ya Marekani. Siku wimbo unarekodiwa, nani angeweza kutaja bei yake? Msanii anayeuza haki ya milele siku ya kwanza, akiwa na kodi ya nyumba inamsubiri, anauza asichokijua thamani. Leseni ya miaka michache inamrudisha mezani wimbo ukishakua. Kumnyima hilo ili sisi tucheze bila bughudha ni kumdhulumu.

Lakini mchezaji naye ana haki, na huku kwetu gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mashine ya gemu ya PlayStation haina duka rasmi la mtandaoni kwa Uganda, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya Marekani au Uingereza na kununua kadi za salio kwa wauzaji wa mjini. Wimbo ukiondoka, mtu huyo amlalamikie nani? Kwenye akaunti yake yeye ni mkazi wa nchi asiyowahi kuikanyaga.

Hapa nazitenganisha biashara mbili. Anayelipia kwa mwezi amekodi, na kitu cha kukodi kinaweza kuondoka, ila tarehe ya kuondoka iandikwe pale pale kwenye orodha, kabla hajatoa pesa. Aliyenunua wimbo mmoja mmoja amenunua. Duka la mtandaoni la Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, lilipofungwa Julai 2024, nyimbo za ziada za Dance Central, gemu nyingine ya dansi, hazikuuzwa tena humo, lakini aliyekwisha kununua aliachiwa njia ya kupakua vitu vyake. Huo ndio uungwana ninaoudai.

Sasa lile la kwanza la mpwa wangu: nyimbo zetu. Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini iliingia Just Dance 2022, kwa hiyo mlango haujafungwa kwa Afrika. Soko letu ni dogo, hilo ni kweli na lina uzito. Ila kuna sababu nyingine iliyo mikononi mwetu. Nilimuuliza prodyuza mmoja ninayemfahamu nani ana haki ya bitii, yaani midundo ya nyimbo, alizotengeneza mwaka huu.

"Mzee, karatasi ya nini? Mwimbaji ameleta hela, nimempa flashi, tumemalizana."

Kampuni ya gemu ikija leo, inatafuta sahihi ya nani? Chama cha UPRS hukusanya malipo ya muziki unaopigwa hadharani, kama kwenye baa na redio. Kuuweka wimbo ndani ya gemu ni makubaliano mengine, na wanasheria wa kampuni hawagusi wimbo ambao kesho mtu wa tatu anaweza kuibuka na kudai bitii ni yake. Wanauacha, wanachukua mwingine. Wapo wasanii wanaoogopa karatasi kwa sababu waliwahi kusaini wasichokielewa, wakapoteza nyimbo zao. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini kukaa bila karatasi hakujamlinda yeyote. Kumewafanya tu wasitafutike.

Na tusisahau uchezaji wenyewe. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inataja pia kazi za mitindo ya dansi. Ghetto Kids walifika fainali ya Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, mwaka 2023 kwa miguu na kiuno. Mpwa wangu alicheza hivyo hivyo pale ukumbini, vizuri hadi watu wakasimama kumtazama, na gemu ikampa nyota moja, kwa kuwa simu husoma mkono unaoishika tu. Wimbo wetu ukiingia siku moja, waliobuni hatua zake nao wawe kwenye mkataba.

Nilimwambia yule prodyuza aanze na wimbo wa wiki hii. Ukurasa mmoja wa daftari: waliotunga, asilimia ya kila mmoja, mwenye rekodi, sahihi, namba za vitambulisho. Akasema mwimbaji anakuja Alhamisi.