Mlango wa Lamu kwenye nembo: nani achore, nani alipwe?

Tembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, kutoka Langoni hadi Mkomani, kisha panda mashua uende Shela. Njia nzima utakutana na picha nne zilezile: mlango wa nakshi, punda, jahazi lililotweka tanga, na mwanamke wa buibui aliyechorwa mgongo. Zimo kwenye nembo za nyumba za wageni, kwenye fulana, kwenye mifuko iliyoshonwa kwa matanga makuukuu, kwenye vibandiko vya sabuni na mafuta ya nazi, na kwenye mabango ya mashirika yanayotetea mikoko na bahari. Siku hizi nyingi ya bidhaa hizo huja na kikaratasi kinachomweleza mnunuzi kwamba pesa yake inasaidia akina mama, au mazingira, au urithi wa mji. Dizaini inataka ipendeze na wakati huohuo itende wema.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza, barazani na katika vikao vya vijana wanaofanya kazi ya nembo na michoro. Wako wanaosema kwamba picha za Amu, yaani Lamu kama wenyewe tunavyoiita, ni za kila mwenye kipaji, na kadiri zinavyochorwa ndivyo mji unavyojulikana na watu wake wanavyopata riziki. Na wako wanaosema picha hizo zina wenyewe, na mtu akizichukua kuuzia biashara yake, hata azifunike kwa maneno mema kiasi gani, amechukua mali ya watu. Mimi nina upande, na nitausema. Lakini kila mmoja ana haki ya kusikilizwa hadi mwisho, kwa sababu hakuna kati yao anayesema upuuzi.

Wa kwanza wanaanza na historia, na historia iko nao. Uzuri wa Amu ulikuja na pepo za msimu. Simama mbele ya mlango wa zamani, utazame mwimo na mfaa wake, maua yaliyochongwa na minyororo inayoyazunguka: mapambo hayo yana ndugu zake Gujarat na Oman, na fundi wa Amu aliyapokea, akayapunguza, akayaongeza, mpaka yakawa yake. Kanga nayo ni hivyo. Duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ya “Mali ya Abdulla” inajulikana na kila mwanamke wa pwani, lilianza mwaka 1887 na ni la ukoo wenye asili ya India. Hajawahi kutokea mtu akasema kanga si ya Waswahili kwa sababu hiyo. Mfanyabiashara alileta kitambaa, mchoraji akapanga pindo na mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na wanawake ndio walioamua kipi kinavaliwa na kipi kinabaki dukani kikila vumbi. Kama babu zetu wangezuia kila mchoro uliotoka kwa mwingine, leo tusingekuwa na cha kugombania.

Kisha wanazungumzia riziki. Kijana aliyejifunza programu za kuchora kwenye kompyuta ya kuazima, akapata oda ya nembo ya nyumba ya wageni, ukimwambia asichore mlango wala jahazi umemnyima kazi aliyoisomea. Na soko lenyewe halina huruma. Kofia za mashine zinazotoka ng'ambo zinauzwa kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuikaribia, na mgeni aliyeshuka gatini asubuhi hajui tofauti ya hii na ile. Chapa nzuri, kibandiko kilichochorwa kwa akili, na maelezo mafupi ya jinsi kofia ilivyotengenezwa, ndivyo vitu pekee vinavyoweza kumfanya alipe thamani ya kazi ya mkono.

Mfano wao mkubwa ni Flipflopi. Jahazi hilo lilijengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa, lina urefu wa karibu mita 9, na mwili wake umevishwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni na mitaani. Lilizinduliwa Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita zipatazo 500 hadi Zanzibar. Ukilitazama kwa jicho la mchoraji utaona ujasiri wake: rangi zote za kandambili zimeachwa zilivyo, nyekundu kando ya samawati kando ya manjano, na takataka yenyewe ndiyo nakshi. Hakuna bango la onyo ambalo lingewafikia watu wengi kiasi hicho. Mimi nathamini zaidi jambo moja lisilozungumzwa sana. Fundi mkuu, Ali Skanda, alijulikana kwa jina lake tangu mwanzo. Popote habari ya jahazi ilipofika, jina la fundi lilifika nayo. Na baada ya safari, kazi ya kurejeleza plastiki na kufundisha ujenzi wa vyombo ikaendelea hapahapa Lamu.

Sasa upande wa pili. Hawa wana kumbukumbu ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko jina “Kikoy” kama alama yake ya biashara. Maana yake, kama ombi lingepita, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angejikuta anahitaji ruhusa ya kampuni hiyo kuita nguo kwa jina lake. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi halikufika mwisho. Lakini watu wa pwani walijifunza kwamba chapa ina meno. Mchoro unaoonekana kama pambo tu unaweza, kwa karatasi moja ya ofisini, kuwa mali ya mtu asiyejua hata kikoi hufungwa vipi.

Sheria nayo imewasikia, angalau kwenye maandishi. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 ikafuata, ikataka jamii iombwe ridhaa kabla, na ikazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka daftari la urithi huo. Shida ni kwamba mbunifu anayekaa Nairobi au Milano na picha aliyoipata mtandaoni haoni daftari lolote mbele yake.

Na pesa ni sehemu tu ya malalamiko. Juu ya vizingiti vya Amu kuna maandishi ya Kiarabu, na mengine ni aya. Mchoraji asiyeyasoma huyaona mistari mizuri iliyopinda. Anayanakili, anayarudiarudia kama ua, na aya inaishia kwenye zulia la kufutia miguu. Yule mwanamke wa buibui naye, kila mahali ni kivuli cheusi ukutani, hana uso wala kazi, kazi yake ni kuupamba ukuta. Wanawake wa mji huu ni walimu, wauguzi, wenye maduka, washairi. Jahazi lipo kwenye kila nembo, lakini mvuvi hayupo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Habari kubwa kama hiyo ya bahari yetu haikubadilisha hata mstari mmoja katika picha tunayowauzia wageni: bahari tulivu, tanga jeupe, machweo.

Niilete hoja karibu zaidi, kwenye kofia ya vito, ile inayotobolewa vitundu na kuzungushiwa uzi, kwa maana hapo ndipo naona pande zote mbili zikikosea kidogo.

Kofia hiyo ni vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kabla sindano haijagusa kitambaa, kuna mtu anachora. Anachukua kitambaa cheupe na penseli, anapanga maua na mistari ili ukanda ukizunguka mwisho wake ukutane na mwanzo bila kovu. Si kila mshonaji ana mkono huo, kwa hiyo wengi huwapelekea wachoraji wanaojulikana mtaani. Kisha mshonaji anatoboa kitundu kimoja kimoja na kukizungushia uzi mpaka kingo zikaze, na kazi hiyo inamchukua wiki nyingi, pengine miezi, katikati ya kupika na kulea. Kofia ikiisha, dizaina anaipiga picha. Kwenye kompyuta anafuata mistari ya ua, anaisafisha, anairudia mara mia, na kabla ya alasiri ana mchoro wa kufungia zawadi, wa mfuko, wa ukuta wa mkahawa. Kibandiko kinasema mchoro umetokana na Lamu.

Watu watatu wamefanya kazi hapo, na mji mzima ukasimama nyuma yao. Lakini jina lililoandikwa ni la mmoja, na aghalabu ndiye aliyefanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Kumpa “Lamu” heshima bila kumtaja mchoraji wa kofia ni njia ya kumsifu kila mtu ili usimlipe yeyote. Naamini wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani sanaa ya jadi haina mwandishi. Inaye, na mara nyingi anaishi mitaa miwili kutoka hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mlango kwa jumla, jahazi kwa jumla, punda kwa jumla, achore anayetaka, mwenyeji au mgeni. Kufunga hayo ni kuua biashara ya vijana wetu wenyewe na kukana jinsi nakshi zetu zilivyozaliwa. Ukichukua mchoro wa mkono wa mtu fulani, ua hili la mchoraji huyu, mtaje kwenye kibandiko na umlipe kila bidhaa inapochapishwa tena. Na kwa mambo ya ibada na nyuso za watu, omba ruhusa ukijua unaweza kukataliwa, na ukikataliwa uache. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu cha dhamiri ya dizaini. Ikiwa wenyeji hawana nafasi ya kusema hapana, maneno ya kuwasaidia yaliyo kwenye kikaratasi hayana uzito.

Kipimo hicho sikukitoa hewani. Juni 2019, baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenyeji waliopigania hilo chini ya muungano wa Save Lamu walikuwa na fulana na mabango yao, na michoro hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu waliovaa ndio waliokuwa na kesi. Tukidai kushirikishwa katika mambo makubwa ya ardhi na bahari, tudai vilevile katika sura yetu.

Liko jambo lingine ambalo watetezi wa dhamiri hulisahau: uhodari. Mchoro mbaya kwa ajili ya jambo jema bado ni mchoro mbaya, na unawadharau wale unaodai kuwatetea. Tazama zile fonti za Kilatini zilizopindwa na kuwekwa nukta ili zifanane na Kiarabu, zinazoandika “Karibu Lamu” kwenye kila ubao. Kisha kumbuka kwamba kisiwani Pate, katika mji wa Siyu, karne ya 18 na ya 19 waliishi waandishi walionakili misahafu kwa mwandiko wao mahsusi na kuipamba kurasa kwa nakshi za rangi. Shule ya kuandika na kupanga ukurasa ilikuwa hapa kwetu. Mbunifu anayejitaabisha kuisoma, akajua herufi inabeba uzito wapi na pambo linaishia wapi, akatengeneza fonti ya Kilatini yenye adabu ileile bila kunakili maandiko matakatifu, ameufanyia mji huu wema mkubwa kuliko aliyechapisha mabango mia ya kuuhurumia.

Wenye shaka wataniuliza: ruhusa iombwe kwa nani? Swali ni gumu na nalikubali. Lamu si familia za Mkomani peke yake. Kuna Wabajuni wa visiwani, kuna Waaweer na Waorma wa bara, kuna waliohamia Mpeketoni, kuna mafundi waliokuja jana na wamekuwa bora kuliko wenyeji. Ukimpa mzee mmoja, au ofisi moja, muhuri wa kuidhinisha michoro, umetengeneza mlango mpya wa hongo, na kijana asiye na mjomba ndani atakwama nje. Ndiyo maana sitaki ruhusa ya jumla kwa kila picha ya mji. Nataka wenye kazi maalumu wajipange kwa kazi yao, na kofia ndiyo pa kuanzia, kwa kuwa wanaoichora na kuishona wanajuana kwa majina.

Njia ipo. Sheria ya alama za biashara ya Kenya inaruhusu alama ya pamoja, inayomilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wake tu, na wasusi wa vikapu wa Taita wameshaipita njia hiyo. Kofia ya vito ya Amu inaweza kupata alama kama hiyo, mradi kanuni zake zimtambue mchoraji wa penseli kuwa mwanachama sawa na mshonaji, ziseme wazi malipo yatagawanywa vipi ua likichapishwa kwenye bidhaa nyingine, na zitaje kisichoruhusiwa kuchapishwa kabisa. Kanuni hizo ziandikwe kabla nembo haijachorwa. Kikao cha kuziandika kiitishwe na washonaji na wachoraji wenyewe, na dizaina atakayepewa kazi ya nembo aje akae, asikilize, na alipwe kwa siku hiyo pia.