Wasipokuja hawasikiki, wakijaa hawasikiki: mashabiki wa A's wa Oakland

Lawama wanayotupiwa mashabiki wa Oakland ni nyepesi kuisema: timu iliwahama kwa sababu hawakwenda uwanjani. Takwimu zipo. Msimu wa 2022 A's, timu ya besiboli ya mji huo wa bandari wa California, ilipata watazamaji 787,902 katika mechi zake zote za nyumbani. Huo ni wastani usiofika watu 10,000 kwa mechi, na ndio uliokuwa wa mwisho kati ya timu 30 za ligi kuu ya Marekani. Tarehe 15 Mei 2023 idadi iliyotangazwa ilikuwa watu 2,064, katika uwanja unaochukua zaidi ya 46,000. Miezi sita baadaye wamiliki wa timu zote 30 walipiga kura, 30 kwa sifuri, kumruhusu mmiliki wa A's, John Fisher, aihamishie timu Las Vegas. Ukisoma namba hizo peke yake utasema hakuna cha kubishania.

Kipo. Ila Fisher asikilizwe kwanza, maana hoja zake nyingine hazikuwa za kubuni.

Uwanja wa Coliseum ulifunguliwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi A's waliutumia pamoja na Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani. Mwaka 2013 maji taka yalifurika hadi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, ikabidi wachezaji wa A's na wageni wao wa Seattle wote wapande kwenda kuoga kwenye chumba cha Raiders. Jukwaa kubwa la zege lililojengwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya Raiders liliziba vilima vilivyokuwa vikionekana nyuma ya uwanja, na siku za besiboli sehemu yake ya juu ilifunikwa turubai kwa sababu hakuna aliyekaa huko. Klabu ilijaribu kuhamia Fremont, ikashindwa. Ikajaribu San Jose, timu nyingine ya besiboli, Giants wa San Francisco, ikasema hilo ni eneo lake, na mahakama zikakataa kuingilia. Mwaka 2017 mpango wa kujenga karibu na chuo cha Laney ulikwama. Ndipo ukaja mradi wa Howard Terminal, pale bandarini, wa dola bilioni 12 pamoja na nyumba na maduka. Na A's hawakuwa wa kwanza kuaga: Warriors wa mpira wa kikapu walivuka maji kwenda San Francisco mwaka 2019, Raiders wakaenda Las Vegas mwaka uliofuata. Timu zote tatu za mji zikiondoka ndani ya takriban miaka mitano, mtu ana haki ya kuuliza kama mji wenyewe hauna tatizo.

Lakini turudi kwenye viti. Coliseum hiyo hiyo, mwaka 1990, iliingiza karibu watu milioni 2.9, wakiwazidi Giants wa ng'ambo ya ghuba. A's walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa 1989 kwa kuwafunga Giants hao hao mechi nne kwa bila, katika fainali iliyokatizwa na tetemeko la ardhi la Oktoba 17. Mchezaji bora wa fainali alikuwa mrushaji Dave Stewart, mzaliwa wa Oakland. Rickey Henderson naye alikulia hapo hapo. Huyu aliiba vituo 1,406 katika maisha yake ya mchezo, yaani alichomoka mara 1,406 kukimbilia kituo cha mbele bila kusubiri mwenzake apige mpira. Hakuna aliyemkaribia hadi leo. Mji wa makuli na mafundi ulikuwa na watoto wake uwanjani, mmiliki wa wakati huo, Walter Haas, alikuwa tayari kuwalipa, na watu walijaa.

Linganisha na kilichofanyika kabla ya msimu wa 2022. Matt Olson aliuzwa Atlanta na Matt Chapman akauzwa Toronto, wote ndani ya Machi moja. Sean Murphy alifuata Desemba. Bei za tiketi za msimu zikapandishwa. Timu ya 2023 ilipoteza mechi 112 kati ya 162. Aliyepunguza thamani ya kinachouzwa ni mwenye timu, kisha idadi ndogo ya wanunuzi ikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Simwambii mtu kwamba Fisher alipanga hivyo toka mwanzo, sina ushahidi huo. Nasema tu kwamba utupu wa majukwaa ulikuwa matokeo ya uamuzi wake kabla haujawa sababu ya uamuzi wake.

Hapa ndipo wengi wanaomtetea shabiki nao wanapokosea, wakidhani kususa kungemtikisa. Kungemtikisa vipi? Pesa ya televisheni ya taifa zima hugawanywa sawa kwa timu 30, timu iwe na watazamaji au isiwe nao. Juu yake kuna mfuko ambao timu tajiri huchangia zile zenye mapato madogo. A's walikuwa wameondolewa kwenye mfuko huo, na mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukawarudisha, kwa sharti moja: wawe na makubaliano rasmi ya uwanja mpya kabla ya Januari 15, 2024, la sivyo mgao unakatika. Kwa hiyo kilichomsukuma mwenye timu kilikuwa tarehe ile. Viti vilikuwa na uzito mdogo sana mezani kwake. Anayekaa nyumbani kwa hasira na anayekaa nyumbani kwa kutojali wanaandikwa katika safu moja ya hesabu, na safu yenyewe ndogo.

Mashabiki waliielewa hesabu hiyo kuliko wanavyosifiwa, ndiyo maana Juni 13, 2023 waligeuza mgomo kinyume: siku hiyo waje wote. Walichangishana, wakachapisha maelfu ya fulana za kijani zenye agizo moja kifuani, uza, wakazigawa bure kwenye maegesho. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo kwa kawaida Coliseum ilikuwa mahame. Walikuja 27,759. Ngoma za jukwaa la kulia zilipigwa kama zamani. Awamu ya tano kati ya tisa za mechi ilipoanza wakanyamaza wote kwa makubaliano, kisha sauti ikalipuka uwanja mzima, wakimtaka Fisher auze timu. Na timu mbovu kuliko zote ikawafunga Tampa Bay, waliokuwa wakiongoza ligi, 2 kwa 1.

Kisha nini? Klabu ikatangaza kwamba mapato ya tiketi ya usiku ule, zaidi ya dola 800,000, yatakwenda kwa misaada, hatua ambayo ukiipinga unaonekana mbaya. Juni 15 gavana wa Nevada, Joe Lombardo, alitia saini sheria ya kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, alipoulizwa kuhusu umati wa Oakland alisema kwa kejeli kwamba ni vizuri kuona, kwa usiku mmoja, watu wanaokaribia wastani wa kawaida wa ligi. Wasipokuja hawapendi timu, wakija ni wa usiku mmoja. Nimeitafuta tabia ambayo shabiki wa Oakland angeionyesha ikahesabika kwa upande wake, sijaiona.

Je, mji ungetoa pesa kama Nevada? Wapo wanaosema ndiyo, na kwamba viongozi wa Oakland walivutana na klabu juu ya Howard Terminal mpaka ikachoka. Kuna ukweli kiasi. Lakini Oakland ilikuwa na kovu. Mwaka 1995 mji na wilaya walikopa kuwarudisha Raiders kutoka Los Angeles, na lile jukwaa la zege ni tunda la mkopo huo. Raiders wakaondoka tena, walipa kodi wakabaki wakilipa. Mji wenye shule zenye uhaba na watu wanaolala barabarani ukisita kumjengea tajiri uwanja, mimi siuoni kuwa mzembe. Hata kama bei yake ilikuwa kupoteza timu.

Kuna jambo ambalo watu wa Oakland hawapendi kukumbushwa. Wao pia waliipata timu hii kwa kuiondoa kwa wengine. A's walianza Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City 1955, na Oakland 1968. Kansas City walilia vile vile. Tofauti ni kwamba seneta wao, Stuart Symington, alitishia kuigusa kinga ambayo besiboli inayo tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1922, kinga dhidi ya sheria zinazozuia ukiritimba, na mwaka 1969 Kansas City wakawa na timu mpya, Royals. Mabingwa wa 1972, 1973 na 1974 waliotukuzwa Oakland walikuwa, kwa maana moja, mali iliyotoka kwingine. Hilo halifuti machozi ya 2024, lakini linapunguza makali ya neno usaliti. Mchezo wenyewe umejengwa hivyo: mji hupewa jina kwenye fulana, hati hubaki kwa mtu mmoja. Msomaji aliyezoea Simba na Yanga, ambako hata wawekezaji walipokaribishwa iliwekwa kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, huenda akashangaa kwamba watu wa Oakland hawakuwa na hata karatasi ya kupinga nayo.

Septemba 26, 2024 walikuja 46,889 kuaga. Stewart na Henderson walirusha mipira ya ufunguzi, A's wakawafunga Texas 3 kwa 2, na kocha Mark Kotsay akashika kipaza sauti kuwashukuru. Henderson alifariki Desemba iliyofuata.

Sasa timu inacheza West Sacramento, kwenye uwanja wa watu kama 14,000 ulio wa timu ya daraja la chini, ikisubiri Las Vegas mwaka 2028. Inaitwa Athletics tu, bila jina la mji. Kutoka Oakland ni kama kilomita 130, na wapo wanaoendesha gari kwenda. Wenzao wanawaita wasaliti. Sikubaliani nao: aliyefundishwa mchezo na marehemu baba yake kwa rangi zile za kijani na njano hana deni kwa mtu yeyote la kuzichoma. Ila siku anayolipa tiketi Sacramento ajue anamlipa nani.

Waliobaki wameanzisha cha kwao. Oakland Ballers walianza 2024 katika Pioneer League, ligi huru isiyo na uhusiano na timu kubwa, wakicheza Raimondi Park, West Oakland. Wameuza sehemu ya hisa kwa mashabiki, na mwaka 2025 wakatwaa ubingwa. Ningekuwa mkazi wa pale, pesa yangu ingekwenda huko. Lakini tusidanganyane kuhusu mpira wenyewe: mrushaji wa Pioneer League si wa ligi kuu, na mzee aliyemwona Stewart akirusha analijua hilo kabla awamu ya kwanza haijaisha. Akitaka kiwango kile bila safari ya Sacramento, itabidi avuke daraja kwenda kwa Giants, ambako siku hizi anacheza Matt Chapman. Kwa watu wa Coliseum hiyo bado ni haramu.