Mchana wa Dodoma haujaharibu picha yako

Wapiga picha wa mandhari wamekaririshwa sheria moja: piga alfajiri, piga jioni, mchana funga kamera. Sheria hiyo inafaa nchi ambazo jua hubaki chini kwa saa nyingi. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta; jua hupanda karibu wima, na saa moja na nusu baada ya kuchomoza ule mwanga wa dhahabu umeshakwisha. Anayeusubiri huo tu anaikosa Ugogo yenyewe, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma. Udongo mwekundu, majabali ya granaiti, mbuyu usio na majani mwezi Septemba: kwangu mimi, hivi ni vitu vya jua kali.

Kazi kubwa ni kuzuia picha isiungue, yaani sehemu angavu zisigeuke nyeupe tupu. Kamera haiwezi kubeba wingu jeupe na kivuli cha mgunga kwa pamoja. Ukiiachia iamue, huongeza mwanga kwa ajili ya kivuli, wingu likaungua, na kilichoungua hakirudishwi na programu yoyote. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), anza na ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na 1/400 (sehemu ya sekunde ambayo shata hufunguka), kisha punguza theluthi mbili ya stopu ikiwa kuna mawingu meupe; stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza maradufu. Amini histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha. Skrini ikiwa juani huonekana ya giza, ndiyo maana watu huongeza mwanga bila sababu. Kwenye simu, gusa wingu na ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, halafu telezesha alama ya jua kuelekea chini.

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi, kabla ya kuwaza lenzi mpya. Mchana majani na mawe hung'aa kwa mwako mweupe unaofunika rangi yake. Izungushe filta taratibu mpaka mwako upungue na kijani kirudi. Gharama yake ni stopu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo 1/400 inashuka hadi karibu 1/100, na upepo wa huku utatikisa nyasi. Panda ISO 400 bila woga. Kuhusu anga, filta hii hufanya kazi zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka lilipo jua. Saa tisa alasiri, lenzi pana itakupa anga yenye doa jeusi upande mmoja. Jua likiwa utosini, ambapo kwa Dodoma ni kama saa sita na nusu mchana na hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba, ukanda huo hulala sawasawa kuzunguka upeo wote. Hiyo ndiyo saa ya picha pana! Vumbi la kiangazi hupunguza nguvu ya filta kidogo.

Ua au mdudu, mkinge kwa kitambaa cheupe chepesi, ila mandharinyuma nayo iwe kivulini, la sivyo itaungua. Majani yapige kutoka chini, jua likipenya ndani yake. Kilima cha mbali usikivute kwa lenzi ndefu adhuhuri: hewa ya moto juu ya ardhi hutetemeka na picha hutoka kama imelowa, hata lenzi iwe ya bei gani. Sogea karibu.

Kwenye kuhariri ndipo picha nyingi za mchana zinapokufa. Mtu huongeza mwanga wa vivuli hadi mwisho. Chini ya mbuyu panakuwa na utusitusi wa kijivu wenye chenga (vidotovidoto), na jua linapoteza ukali uliokufanya utoe kamera. Kwenye vipimo vya programu vinavyofika 100, shusha sehemu angavu 40 hadi 60, vivuli usizidishe 25, nyeusi iache iwe nyeusi. Weka joto la rangi kati ya 5200 na 5500 K (kelvini) ili udongo ubaki mwekundu. Mwangaza wa bluu ya anga upunguze kidogo tu. Ukizidisha, mstari mweupe hujitokeza kwenye kingo za majabali, na huo kuufuta ni kazi ndefu kuliko kuurudisha mkono nyuma mapema.