Hesabu ya bosi haijui msimu

Kahama imekuwa manispaa tangu 2021. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita, ghorofa zinapanda, na kijana asiye na kitu katikati ya mji kama huo huitwa mvivu. Sikubaliani. Mji unamdai fedha kabla haujampa kazi.

Anza na chumba. Tuseme ni cha 40,000 kwa mwezi: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 280,000, na godoro bado. Saidia fundi wa kulipwa kwa siku ataipata wapi? Basi wanabanana wanne chumba kimoja, na wakikorofishana kila mtu anahamia kwingine.

Halafu bodaboda ya mkataba: bosi ananunua pikipiki, dereva anamlipa hesabu kila siku mpaka iwe yake. Chukua pikipiki ya 2,800,000 kwa hesabu ya 10,000 kila siku, siku 26 za mwezi, miezi 16. Inafika 4,160,000, na oili, cheni, tairi na faini ni juu ya dereva. Faida ya bosi hainisumbui sana, maana naye ameweka mtaji wake rehani. Kinachovunja mikataba ni msimu. Mpunga ukishauzwa, abiria wapo. Ikifika Januari, ada na sare zimekomba mifuko ya watu, kijiwe kinalala, lakini hesabu ni ileile. Dereva akikosa siku kadhaa mfululizo, bosi anachukua chombo. Kadi ya pikipiki ina jina la bosi, na hata kama dereva ameshalipa miezi 14 kati ya 16, yote yamepotea hivihivi.

Mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Lakini inatolewa kwa vikundi, na serikali ya mtaa lazima ikutambue. Anayehamahama vyumba atatambuliwa na nani? Wanakikundi wakitawanyika, marejesho yanawaangukia waliobaki.

Kwa hiyo, dereva na bosi, kabla ya kukabidhiana ufunguo wa pikipiki, andikeni kwenye mkataba mambo manne: hesabu ya Januari hadi Machi ishuke, siku ya gereji isihesabiwe, chombo kikichukuliwa dereva arudishiwe sehemu ya alicholipa, na kadi ibadilishwe jina ndani ya siku 14 baada ya deni kuisha. Hesabu itumwe kwa simu, si mkononi, ili ujumbe wa muamala uwe risiti. Nakala ziwe tatu, moja ibaki ofisi ya mtaa.