Kodi ya kila usiku itamwangukia asiye mtalii

Kila wenye hoteli wanapolalamika kwamba vyumba havijai, hurudi lile wazo la kuzitoza kodi mpya, kiwango kimoja kwa kila usiku, nyumba za Airbnb zinazokodishwa mtandaoni na fleti za kupangisha kwa siku. Mimi nalipinga, tena nalipinga nikiwa Kisumu.

Tazama wanaolala humo. Wazungu wapo, lakini wengi ni sisi wenyewe: familia iliyotoka Nairobi kwa mazishi Seme na boma halitoshi, mwenye mgonjwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, wazazi waliokuja mahafali ya Chuo Kikuu cha Maseno. Mtu wa namna hiyo hakuja kustarehe. Ukimtoza shilingi 300 kwa usiku katika chumba cha 2,000 mtaani Mamboleo, umemwongezea asilimia 15. Anayelala kwenye jumba la 20,000 lenye kutazama ziwa huko Riat ataongezewa asilimia moja u nusu tu. Kiwango kimoja kwa wote kinasikika kama haki mpaka ukipige hesabu.

Wenye hoteli wana hoja, sikatai. Wao hukatwa asilimia 2 ya mapato kwa Hazina ya Utalii, ilhali jirani mwenye fleti hajasajiliwa popote. Lakini Sheria ya Utalii ya 2011 tayari inazitaja fleti za huduma, nyumba za wageni na hata familia zinazopokea wageni nyumbani kwao. Wajibu upo, ufuatiliaji ndio haupo. Kodi ya pili itambana yule yule aliyejitokeza, mwenye leseni na nyumba inayoonekana mtandaoni. Anayeletewa wateja na madalali wa WhatsApp ataendelea kula bure.

(Na kaunti isijipe matumaini: kwa Kifungu cha 209 cha Katiba, haina ruhusa ya kubuni kodi kama hii bila sheria ya Bunge.)

Mei 2022, Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ilipokuja hapa, wageni walifurika na nyumba za watu zikawapokea. Sikumsikia yeyote akisema zinaharibu biashara.

Kama serikali inataka fedha, basi leseni ya kaunti na ile ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii zilipiwe mahali pamoja, kwa simu, kwa ada inayomfaa mwenye chumba kimoja. Wengi wangejisajili. Watakaokataa baada ya hapo, hao ndio wafuatwe.